Wikiendi zetu za Mto Ruvu

Jamani, naulizwa sana siku hizi: hivi Jumamosi huwa unapotelea wapi? Simu haipatikani, kwenye harusi huonekani, hata mechi ya Simba na Yanga unasimuliwa Jumatatu kazini. Wapo walioshaamua kwamba nina familia nyingine mahali. Haya, leo naweka mambo hadharani. Niko mtoni.

Na mkisikia mtoni msidhani nimezamia majuu. Ni Mto Ruvu, hapa hapa mkoa wa Pwani, wilaya ya Kibaha, upande wa Mlandizi. Mara mbili kwa mwezi, mvua ikituruhusu, watu wanne tunakodi mtumbwi pamoja na mwenye mtumbwi wake. Asubuhi tunapanda na mto, mchana tunashuka nao, jioni kila mtu anarudi kwake akiwa ameungua pua. Hakuna muziki, hakuna nyama choma, hakuna picha za kutambia watu. Simu zinafungwa kwenye mfuko wa nailoni na humo ndimo zinamoshinda.

Wanne wenyewe ni hawa: mimi wa magazeti, mkazi wa Maili Moja, mwalimu mmoja wa sekondari, mzaliwa wa Kisarawe, jamaa wa benki, Mnyamwezi wa Tabora, na dada mmoja muuguzi katika hospitali moja ya Dar es Salaam, ambaye anapiga kasia vizuri kuliko sisi wanaume watatu tukijumlishwa. Majina siyatoi, maana wawili kati yao wameaga kwao kwamba Jumamosi wanasoma.

Mambo yalianzia Kisarawe mwaka 2021, kwenye bwawa la Minaki, karibu na msitu wa Pugu. Tulikuwa tunaenda pale kupunga upepo, tukajifunza na kasia kidogo. Lakini mwalimu hakuridhika. "Hili ni beseni," alisema siku moja. "Unazunguka, unarudi ulipotoka. Tutafute maji yanayokwenda mahali." Maji yanayokwenda mahali, kwa mtu anayekaa Kibaha, ni Ruvu. Hakuna mjadala.

Kutoka Maili Moja unapanda gari la Mlandizi, unapita Kongowe, unapita Visiga, unashuka unanunua chapati na mihogo, kisha bodaboda. Tunapanda mshikaki, jambo ambalo muuguzi wetu analikemea kila mara kabla hajapanda. Njia inapita kwenye mikorosho na mashamba ya mihogo, halafu ghafla nchi inashuka, udongo unakuwa mweusi, unaanza kuona matete na majaruba ya mpunga, na hewa inabadilika. Hapo hujauona mto bado, lakini unajua kwamba upo.

Mwenye mtumbwi ni mzee wa Kizaramo. Ukimuuliza umri atakwambia alikuwa kijana mwenye akili zake Azimio la Arusha lilipotangazwa, kwa hiyo fanyeni hesabu wenyewe kuanzia 1967. "Shikamoo mzee." "Marahaba wanangu." Akishaitikia anamgeukia Mnyamwezi wetu: "Wewe leo nauli mara mbili. Babu zako walipita hapa na meno ya tembo, wakaondoka hawajalipa."

Kwa wasiojua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani wao una historia ndefu. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi kutoka Unyanyembe ilikuwa inashuka hadi Bagamoyo, na mtu hafiki Bagamoyo kutoka bara kabla hajakutana na mto huu, ambao ramani za Wazungu wa wakati ule ziliuita Kingani. Njiani misafara ilidaiwa ushuru na wenye nchi. Ushuru huo uliitwa hongo. Neno lipo mpaka leo, kazi yake tu ndiyo imebadilika. Basi bwana benki naye hujibu: "Babu zangu walibeba mizigo, mzee. Babu zako walikaa kivulini wakipokea hongo." Mzee anacheka mpaka anakohoa, na safari haianzi kabla ya hayo kuisha. Nimeshazoea.

Sheria za mtumbwi ni tatu. Usisimame. Usipige kelele. Usitie mkono majini. Ya tatu ina sababu yenye meno. Ruvu ina mamba na ina viboko, na mzee anasema mamba unaweza kuishi naye kwa adabu, ila kiboko mwenye mtoto hana adabu kabisa. Sisi tulinunua maboya ya kuvaa, yale ya rangi ya machungwa. Mzee alitucheka sana siku ya kwanza: eti tunafanana na mafundi wa barabara. Safari ya nne akavaa moja, akisema ni kwa sababu ya baridi. Hatukusema neno, na tangu siku hiyo tunakwenda na maboya matano.

Kuna Mwingereza, Jerome K. Jerome, aliyetoa mwaka 1889 kitabu cha kuchekesha kuhusu wanaume watatu na mbwa wao waliopanda mashua kwenye Mto Thames. Mwalimu anakipenda sana kitabu hicho na ndicho kilichomtia wazimu huu. Mimi nilikisoma nikaona mashaka yao makubwa ni kufungua kopo la nanasi. Thames hakuna kiboko.

Sasa nisema nini kuhusu kuwa kwenye maji? Mtumbwi ni wa gogo moja, mwembamba, na tukikaa watano ukingo wake unabaki kiganja kimoja na nusu juu ya mto. Unakaa chini kabisa, kiasi kwamba dunia yote iko juu yako: kingo za udongo zilizokatwa na maji, mizizi ya mikuyu inayoning'inia, kenge anayekutazama halafu anajitupa majini kama gunia. Mdiria anakaa kwenye tete, anazama, anatoka na kitu mdomoni. Mzee anakuonyesha mahali alipotega migono ya kambale. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Kila dakika kumi mtu mmoja anapewa kopo akumbe maji yaliyoingia, na bila kusema tumejikuta tunafuata zamu. Mazungumzo nayo ni tofauti na ya mezani. Kwa kuwa huwezi kugeuka bila kuutikisa mtumbwi, unaongea na kisogo cha mwenzako, na watu wakiongea na visogo husema mambo ambayo wasingeyasema wakitazamana.

Ndivyo siku moja mwalimu alivyosema habari za mama yake. Tulikuwa tumetulia kivulini, na nikamwona anashusha mkono polepole, vidole vikagusa maji. Mzee akagonga mtumbwi kwa kasia, ko! Mwalimu akautoa mkono, akautazama ulivyolowa, akasema, "Kumbe ndiyo haya."

Kisarawe mjini, wadau, ni juu kilimani, jirani kabisa na Dar es Salaam. Na kwa miaka mingi maji yalikuwa ni shida pale. Mama yake mwalimu alikuwa akiamka usiku kwenda kupanga madumu kwenye foleni, na mwalimu mwenyewe alisoma darasa la saba akijua bei ya dumu la lita 20 kuliko alivyojua bei ya daftari. Ajabu yenyewe ni kwamba Mto Msimbazi, ule unaojaza Jangwani kila mvua kubwa ikinyesha, unaanzia vilima hivyo hivyo vya upande wa Pugu na Kisarawe. Kwa hiyo Kisarawe ilikuwa inaishushia Dar mafuriko, yenyewe haina ya kuoga. Mpaka Juni 2020, maji ya Ruvu yalipopandishwa kwa bomba kutoka Kibamba hadi Kisarawe na Rais Magufuli akaenda kuzindua mradi. Mama yake mwalimu alifungua bomba uani, akaliacha litiririke kidogo, akalifunga, akafungua tena. Hivyo tu, mara nyingi. Mwalimu alisema hayo akitazama mbele, na mimi niliyekuwa nyuma yake nikashukuru kwamba anatazama mbele.

Tangu siku ile sikuuona mto kama zamani. Hebu tupige hesabu kidogo. Mtambo wa Ruvu Juu, huko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Sensa ya miaka miwili kabla ya hapo ilihesabu Dar es Salaam watu 128,742. Mtambo wa Ruvu Chini, upande wa Bagamoyo, ukafuata mwaka 1976. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728. Mitambo imepanuliwa, kweli: Ruvu Juu ina uwezo wa lita milioni 196 kwa siku na Ruvu Chini lita milioni 270. Ukijumlisha na kugawa, ni karibu lita 5,400 kila sekunde inayopita. Mto ni mmoja tu. Unatoka milima ya Uluguru, unapokea maji ya Mgeta na Ngerengere, unapita hapa kwetu, na kinachobaki kinaingia baharini Bagamoyo. Mimi nilikulia mjini nikidhani maji yanatoka kwenye tangi la jirani.

Sasa nifike kwenye jambo lililotaka kutugombanisha.

Oktoba 2022 tulikwenda kama kawaida na hatukuukuta mto tuliouzoea. Vuli ilikuwa haijaja. Maji yalikuwa yamejikunyata katikati, pembeni mchanga mtupu, na mahali tulipokuwa tunapita bila kufikiri mtumbwi ukakwaruza, ukagoma. Tulishuka tukausukuma huku mzee akitangulia anapiga maji kwa pondo ili asiyetakiwa asogee mbali. Viboko walikuwa wamesongamana kwenye dimbwi moja, na hilo tulilizunguka nchi kavu, mtumbwi mabegani. Katika safari zote ile ndiyo ambayo hatukuimba hata wimbo mmoja wakati wa kurudi.

Huko juu kuna mama mmoja ambaye huwa tunapumzika kwake. Analima bamia, mchicha na nyanya ukingoni, na ana sehemu yake ya kuchotea maji iliyozungushiwa miti, kwa ajili ya mamba. Siku hiyo tulimkuta amekaa karibu na pampu yake ndogo ya petroli, imezimwa. Walikuja watu, akasema, wakaambia wakulima wote wa kingo wasivute maji, kwa sababu Dar es Salaam hakuna maji. Bamia zilikuwa zimekunja majani. "Wanangu," akatuuliza, tena kwa upole kabisa, "huko Dar mnayafanyia nini maji yote hayo?"

Na kweli, mwezi ule mgao wa maji ulikuwa umetangazwa Dar. Kila mmoja wetu alikuwa na ndoo zake nyumbani.

Tukarudi mtumbwini na mwalimu akaanza. Kwamba huu ni uonevu. Kwamba kuna watu wanaoosha magari na kumwagilia nyasi, hao hakuna aliyekwenda kuwazimia chochote, anazimiwa mama mwenye robo eka. Mnyamwezi akamuunga mkono. Mimi nilikuwa naelekea kuwaunga mkono pia, na ningeandika makala moto moto Jumatatu, lakini muuguzi akaacha kupiga kasia.

"Juzi," alisema, "tumepokea wazazi tisa usiku mmoja. Bomba limekauka. Nimenawa mikono kwa maji ya kopo, nikahesabu vikopo. Mnajua kuhesabu vikopo mbele ya mama anayejifungua?" Halafu akaongeza kwamba sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sisi tumekaa kwa huyo mama mara ngapi, tumekula bamia zake mara ngapi, nani amewahi kupima hatua? Mwalimu akamjibu kwamba sheria hiyo mama yule haijui. Muuguzi akasema mto unaijua. Wakapandishiana sauti, sheria ya pili ya mtumbwi ikavunjwa, na mtumbwi ukaanza kuyumba.

Mzee hakugombeza. Alichofanya ni kuupeleka mtumbwi ukingoni, akaushikilia kwa pondo, akasema, "Mkimaliza tutaendelea." Tulikaa pale jua likituwakia pengine nusu saa. Hakuna aliyemshinda mwenzake.

Mimi nina maoni yangu na nitayasema. Muuguzi alikuwa na haki. Ila nadhani swali la yule mama lilikuwa halali kuliko hoja zetu zote, na halikujibiwa na mtu yeyote kati yetu wanne tuliosoma. Mji unakunywa mto huu tangu 1959. Ukikauka, wa kwanza kuambiwa aache ni yule anayeuona kwa macho. Yule asiyejua hata unapopita anaambiwa avumilie kidogo, mambo yatakaa sawa. Na huko juu zaidi, misitu ya Ruvu inakatwa kwa ajili ya mkaa, na mkaa unapanda malori kwenda wapi? Kwetu. Tunapikia.

Novemba mwaka ule ule ulisainiwa mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, huko Morogoro vijijini, lililozungumzwa tangu wazazi wetu wakiwa vijana. Linatarajiwa kuhifadhi lita bilioni 190, ili maji ya masika yasikimbilie yote baharini. Ujenzi ulianza baada ya hapo. Mzee akiulizwa habari za Kidunda husema atayaamini maji yakimfikia kwenye pondo. Mimi nasubiri kwa matumaini zaidi kidogo kuliko yeye, labda kwa sababu nimesikia ahadi hiyo kwa miaka michache kuliko yeye.

Baada ya ugomvi ule hatukwenda mtoni miezi miwili. Kila mtu alikuwa "na kazi". Aliyeturudisha ni muuguzi mwenyewe. Alipiga simu Januari akasema anataka bamia. Tulipofika kwa yule mama, alimwita pembeni wakakaa muda mrefu chini ya mkuyu, na waliyoongea hatukuambiwa mpaka leo. Nilichokiona ni kwamba tangu hapo muuguzi anabeba kikapu chake, anajaza, analipa bei ya sokoni Dar na si ya pale shambani, na mama anamwita mwanangu kwa sauti tofauti na anavyotuita sisi.

Halafu ikaja masika ya 2024. Mnakumbuka ile mvua. Mto tuliousukumia mtumbwi kwenye mchanga ukapanda ukafunika majaruba, na hatukuuona kwa miezi. Tulipoweza kurudi, ukingo wa mama ulikuwa umemegeka. Robo eka imekuwa kipande. Sehemu ya kuchotea maji, miti na uzio wake, ilikuwa imekwenda Bagamoyo. Yeye mwenyewe alikuwa mzima, amehamishia matuta nyuma, anapanda upya. Akamuuliza muuguzi, na safari hii alikuwa anacheka: "Zile mita zako 60, mwanangu, zinapimwa kutoka wapi? Mimi sijasogea. Mto ndio umenifuata."

Muuguzi alisimama ukingoni, akahesabu hatua kwenda kwenye matuta mapya. Zilikuwa ishirini na kitu. Akarudi, akachukua jembe, akasaidia kupanda.

Siku hizi kuna treni ya umeme, imeanza mwaka huo huo wa 2024, na wapo marafiki wanaotuambia tuwe tunashuka nayo kituo cha Ruvu, ni haraka na kuna kiyoyozi. Siku moja tutajaribu. Ila nahofia mihogo ya Mlandizi tutaikosa.

Jana jioni mzee amepiga simu. Huwa hapigi bila sababu, vocha yake anaitunza. Amesema maji yako kwenye mizizi ya mkuyu, si mengi si machache, kiboko mwenye mtoto amehamia chini, na boya lake limechanika kamba tumletee uzi. "Njooni Jumamosi," akasema. "Na huyo Mnyamwezi mwambieni nauli imepanda."